Wengi Wape, Lakini Wengi ni Akina Nani?



Baada ya semina moja ya vijana, binti wa kidato cha sita alinifuata akiwa na daftari lake mkononi. Akaniuliza: "Frateri, nimesikia kuna nchi ambazo wananchi hawampigii kura kiongozi mkuu wa serikali. Wanachagua wabunge tu, halafu wabunge ndio wanaamua nani awe Waziri Mkuu. Sasa hiyo nayo ni demokrasia?" Nilimjibu harakaharaka kwa sababu gari lilikuwa linanisubiri, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Leo nimekaa chini nimjibu vizuri, na wewe ufaidike pia.

Lakini kwanza nikupe kisa.

1. Safari ya hija

Kabla sijaingia seminari, kundi letu la vijana parokiani lilikuwa na watu 60. Mwaka mmoja tulikuwa tunaamua jinsi ya kufanya hija yetu. Mapendekezo yalikuwa matatu: twende Bagamoyo, twende Pugu, au tubaki parokiani tufanye mafungo ya siku moja. Tukapiga kura za siri, karatasi zikatumbukizwa kwenye kikapu cha sadaka, zikahesabiwa mbele ya wote. Bagamoyo ikapata kura 24, Pugu 20, kubaki parokiani 16. Mwenyekiti akasimama akasema, "Wengi wape!" Tukapiga makofi, yakaisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 24.

Siku ya safari, basi liliondoka na viti vingi vitupu. Wale 16 karibu wote hawakuja. Baadaye nikamuuliza mmoja wao, rafiki yangu ambaye tulikuwa tunaimba naye besi kwenye kwaya. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Nauli ya Bagamoyo sikuwa nayo. Pugu ningekuja, ni daladala tu. Lakini hamkuniuliza."

Hebu tazama. Kura hazikuibiwa. Hakuna aliyehongwa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini watu 36 kati ya 60 hawakuitaka Bagamoyo, na tungewauliza wale 16, "Kama kubaki haiwezekani, mngependa wapi?", wangesema Pugu. Ishirini jumlisha kumi na sita ni thelathini na sita. Pugu ingeshinda kwa mbali! Kura ni zilezile, watu ni walewale, siku ni ileile. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu tu.

Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike leo: uchaguzi unaweza kuwa wa kweli katika hesabu na bado ukamwacha mtu nje kwa sababu ya kanuni. Tumezoea kuuliza, "Je, kura zimehesabiwa vizuri?" Swali zuri, na ni la lazima. Lakini kuna swali la pili tunalolisahau: "Zimehesabiwa kwa kanuni gani?"

2. Nchi ya kibunge ni nchi gani?

Sasa turudi kwa swali la yule binti. Sisi Tanzania tunampigia kura Rais moja kwa moja, na kwa karatasi nyingine tunamchagua mbunge. Katika nchi ya kibunge, mwananchi huchagua Bunge, na serikali inatoka ndani ya Bunge hilo. Waziri Mkuu ni yule anayeweza kuonyesha kwamba wabunge walio wengi wana imani naye. Akiipoteza imani hiyo, hata kama muda wake haujaisha, lazima aondoke au nchi irudi kwenye uchaguzi. Ndiyo maana utasikia habari ya "kura ya kutokuwa na imani".

Usidhani ni jambo geni sana kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa nchi ya namna hiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, siyo Rais. Alipojiuzulu Januari 1962, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo, na wananchi hawakwenda vituoni kupiga kura upya. Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1962, tukawa jamhuri yenye Rais mtendaji.

Kwa hiyo jibu fupi kwa yule binti ni: ndiyo, ni demokrasia. Mwananchi anamchagua mwakilishi, na mwakilishi anaiweka serikali na anaweza kuiondoa. Lakini hapo ndipo uzito wa swali letu la pili unapoonekana. Kama serikali inatoka katika idadi ya wabunge, basi namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti vya wabunge ndiyo inayoamua nani atatawala. Ukikosea hapo, umekosea kila kitu.

Nchi moja iliyajua haya kwa uchungu, ikakaa chini, ikabadilisha kanuni yake. Ni New Zealand, visiwa vilivyo mbali kule kusini mwa bahari ya Pasifiki. Tujifunze kwao.

3. New Zealand: aliyepata kura nyingi akakaa upinzani

New Zealand ilirithi mfumo wa Uingereza, kama tulivyourithi sisi. Nchi inagawanywa katika majimbo. Kila jimbo linatoa mbunge mmoja. Anayepata kura nyingi kuliko mwenzake mmoja mmoja anachukua kiti, hata kama hakufika nusu. Ni kanuni rahisi, kila mtu anaielewa, na mbunge wako unamjua kwa jina. Faida hizo ni za kweli, tusizidharau.

Nchi yenyewe haikuwa mgeni katika demokrasia. Mwaka 1893 ilikuwa nchi ya kwanza yenye kujitawala kuwapa wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge. Na tangu 1867 Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa vile, walitengewa viti vyao bungeni.

Sasa sikia kilichotokea. Katika uchaguzi wa 1978, chama cha Labour kilipata asilimia 40.4 ya kura nchi nzima. Chama cha National kilipata asilimia 39.8. Yaani Labour walikuwa mbele kwa karibu kura elfu 10. Nani alitawala? National! Walipata viti 51, Labour viti 40. Na chama cha tatu, Social Credit, kilipata asilimia 16 ya kura, kikaambulia kiti kimoja. Kiti kimoja kati ya 92.

Watu wakasema labda ni ajali. Mwaka 1981 ikajirudia. Labour walikuwa mbele kwa kura kama elfu 4, National wakapata viti 47 dhidi ya 43. Social Credit walipigiwa kura na mtu mmoja kati ya kila watano, wakapata viti viwili.

Inawezekanaje? Siyo uchawi, wala siyo wizi. Ni jinsi kura zilivyosambaa. Chukua mfano wa majimbo matatu yenye wapiga kura 100 kila moja. Chama A kinashinda jimbo la kwanza kwa kura 90 kwa 10. Chama B kinashinda majimbo mawili yaliyobaki kwa 55 kwa 45. Jumlisha: A ana kura 180, B ana kura 120. Lakini B ana wabunge wawili na A ana mmoja. Kura zote alizopata A katika jimbo la kwanza baada ya kufikisha ushindi hazikumwongezea kitu. Na zile 90 alizopata katika majimbo aliyoshindwa hazikumpa kiti hata kimoja. Chama cha tatu chenye wafuasi wachache kila mahali hupata shida kubwa zaidi: kinakuwa wa pili au wa tatu kila jimbo, na kuwa wa pili hakuna kiti.

Fikiria sasa wewe ni mmoja wa wale waliopigia kura chama cha tatu. Umeamka mapema, umepanga foleni, umeweka karatasi yako kwenye sanduku. Mwenzako mmoja kati ya kila watano nchini amefanya kama wewe. Halafu bungeni ni kama hampo. Utarudi tena kupiga kura uchaguzi ujao?

4. Walivyobadilisha kanuni

Kinachonivutia hapa ni kwamba walioshindwa hawakuchoma kitu. Walikubali matokeo kwa mujibu wa sheria iliyokuwepo, halafu wakaanza kuihoji sheria yenyewe. Labour walipoingia madarakani mwaka 1984, iliundwa Tume ya Kifalme kuchunguza mfumo wa uchaguzi. Ikatoa ripoti yake mwishoni mwa 1986, ikapendekeza mfumo mpya.

Je, wanasiasa waliruka kwa furaha? Hapana. Wengi katika vyama vyote viwili vikubwa hawakutaka, na unaelewa kwa nini: kanuni ya zamani ilikuwa imewaweka pale walipo. Ni vigumu mtu kukata tawi alilokalia. Lakini wananchi walisukuma. Mwaka 1992 ilifanyika kura ya maoni, na kati ya waliojitokeza karibu asilimia 85 walisema wanataka mabadiliko. Mwaka 1993, siku ileile ya uchaguzi mkuu, wakapiga kura ya pili iliyokuwa na nguvu ya sheria. Mfumo mpya ukapita kwa asilimia 54 hivi dhidi ya 46. Na siku hiyohiyo kanuni ya zamani ilitoa mfano wake wa mwisho: National walipata asilimia 35 ya kura na viti 50 kati ya 99.

Uchaguzi wa kwanza kwa kanuni mpya ulifanyika Oktoba 1996.

5. Kura mbili kwenye karatasi moja

Mfumo huo unaitwa mfumo mchanganyiko wa uwiano. Ujerumani nao wanatumia mfumo wa jamii hiyo. Jina linatisha, lakini twende polepole, utaelewa.

Mpiga kura wa New Zealand anapewa karatasi yenye sehemu mbili. Sehemu moja anachagua chama. Sehemu nyingine anachagua mbunge wa jimbo lake. Si lazima vilingane. Unaweza kumpenda mbunge wa chama fulani kwa sababu ni mchapakazi, na bado ukakipa kura chama kingine.

Mbunge wa jimbo anapatikana kwa kanuni ileile ya zamani: mwenye kura nyingi anachukua. Lakini idadi ya viti vyote vya chama bungeni inapangwa na kura ya chama. Bunge lina viti 120 kwa kawaida. Katika uchaguzi wa 2020, kwa mfano, 72 vilikuwa vya majimbo na 48 vya orodha za vyama.

Tuseme chama kimepata asilimia 30 ya kura za chama. Stahili yake ni viti kama 36. Kikiwa kimeshinda majimbo 28, kinaongezewa watu 8 kutoka kwenye orodha ambayo kiliitangaza kabla ya uchaguzi. Kama hakikushinda jimbo hata moja, kinapewa wote 36 kutoka kwenye orodha. Umeona? Kiti cha jimbo hakiongezi fungu la chama, kinahesabiwa ndani yake. Na ikitokea chama kimeshinda majimbo mengi kuliko stahili yake, hakinyang'anywi. Bunge linakuwa kubwa kidogo kwa muhula huo.

Utauliza: na yale makombo ya hesabu, nusu kiti na robo kiti, wanafanyaje? Wanagawanya kura za kila chama kwa 1, halafu 3, halafu 5, halafu 7, na kuendelea. Majibu makubwa zaidi ndiyo yanapata viti. Jaribu mwenyewe: viti 7, vyama vitatu, vyenye kura 530, 240 na 160. Chama cha kwanza kinatoa 530, 176, 106, 75. Cha pili 240, 80, 48. Cha tatu 160, 53. Sasa chukua namba saba kubwa zaidi: 530, 240, 176, 160, 106, 80, 75. Chama cha kwanza kina viti 4, cha pili 2, cha tatu 1. Fanya zoezi hili kwenye daftari, ni tamu kuliko unavyodhani.

Kuna mlango mmoja wa kupita. Tangu 1996 kanuni imekuwa kwamba chama, ili kipate mgawo, kifikishe asilimia 5 ya kura za chama au kishinde angalau jimbo moja. Lengo ni kuzuia Bunge lisivunjike vipande vidogovidogo. Sisi wenyewe tuna kitu kinachofanana: viti maalum vya wanawake katika Bunge letu vinagawanywa kwa uwiano wa kura, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Kwa hiyo hesabu ya uwiano ipo hata nyumbani, ingawa wengi wetu hatujui.

6. Matokeo yametoka. Nani Waziri Mkuu?

Hapa vijana wengi huchanganyikiwa. Chini ya kanuni mpya ni nadra chama kimoja kupata zaidi ya nusu ya viti. Basi vyama vinakaa mezani.

Chukua 2017. Baada ya hesabu ya mwisho National walikuwa na viti 56, Labour 46, chama cha New Zealand First 9, cha Kijani 8, na ACT 1. Ili kutawala unahitaji 61. National walikuwa chama kikubwa kuliko vyote, lakini 56 siyo 61. Mazungumzo yakaenda karibu wiki nne tangu siku ya kura. Mwishowe kiongozi wa New Zealand First, Winston Peters, akatangaza kwamba atakwenda na Labour. Wakaunda serikali ya mseto, na chama cha Kijani kikaahidi kuiunga mkono katika kura za imani na za bajeti. Jumla 63. Jacinda Ardern akawa Waziri Mkuu.

Wapo walionung'unika: "Mshindi wa kwanza ameachwa!" Lakini kumbuka hija yetu. Bagamoyo nayo ilikuwa ya kwanza. Kuwa wa kwanza na kuwa wengi ni vitu viwili tofauti. Katika nchi ya kibunge swali si nani kawa wa kwanza, bali nani anaungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge.

Na mara nyingine jibu linakuwa rahisi. Mwaka 2020 Labour walipata nusu ya kura zote na viti 65. Hakuhitajika mtu wa kuombwa. Kanuni haikuwazuia wengi kutawala, ilidai tu kwamba wawe wengi kweli.

7. Hakuna kanuni isiyo na kasoro

Nisikudanganye, mpendwa. Kanuni mpya nayo ina majeraha yake.

Kwanza, chama kidogo kinaweza kushika ufunguo wa mlango. Mwaka 2017 wenye viti 9 ndio walioamua nani atawale, na 1996 ilikuwa vivyo hivyo. Pili, wabunge wa orodha wanapangwa na vyama. Mwananchi hawezi kumwondoa mmoja wao peke yake. Tatu, ule mlango wa asilimia 5 unaweza kuuma. Mwaka 2008 New Zealand First walipata zaidi kidogo ya asilimia 4 ya kura bila jimbo lolote. Viti sifuri. ACT walipata asilimia 3.65, pungufu kuliko hao wenzao, lakini walikuwa wameshinda jimbo moja. Wakapewa viti vitano. Ukiwa mpiga kura wa kile chama cha kwanza, utajisikiaje?

Hata hivyo, mwaka 2011 wananchi waliulizwa tena kama wanataka kuuacha mfumo huu. Karibu asilimia 58 wakasema ubaki. Waliziona kasoro zake, wakazipima na zile za zamani, wakachagua.

Sisi tuliosoma falsafa tunapenda kutafuta kitu kikamilifu. Kwenye jambo hili mwanauchumi Kenneth Arrow alitukata kiburi mwaka 1951. Alithibitisha kwa hoja za kimantiki kwamba, pakiwepo machaguo matatu au zaidi yanayopangwa kwa mapendeleo ya watu, hakuna kanuni inayoweza kutimiza masharti yote ya haki ambayo tungependa yatimie kwa pamoja. Hiyo siyo ruhusa ya kukata tamaa. Ni mwaliko wa kuuliza: tukiwa lazima tubebe kasoro, ni kasoro gani tunaweza kuibeba bila kumdhulumu mtu?

8. Hata Kanisa limeumiza kichwa

Usidhani haya ni mambo ya wanasiasa tu. Mwenye heri Ramon Llull, mwanafalsafa aliyezaliwa katika kisiwa cha Majorca katika karne ya 13, aliandika kuhusu namna ya kuwachagua viongozi wa Kanisa kwa haki. Pendekezo lake lilikuwa kuwalinganisha wagombea wawiliwawili mpaka kila mmoja awe amepimwa na kila mwenzake. Ijaribu kwenye hija yetu: Pugu dhidi ya Bagamoyo, 36 kwa 24. Pugu dhidi ya kubaki parokiani, wale wa Bagamoyo wangeiunga mkono Pugu, 44 kwa 16. Pugu inamshinda kila mmoja. Mtu wa zaidi ya miaka 700 iliyopita angetuokoa na vile viti vitupu! Katika karne ya 15, Nikolaus wa Cusa, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alipendekeza wapiga kura wawape wagombea alama kwa mpangilio, wa chini alama moja, anayefuata mbili, na kuendelea.

Na konklavu je? Baba Mtakatifu huchaguliwa kwa theluthi mbili. Mei 2025, kati ya makardinali 133, zilihitajika kura 89, na Papa Leo XIV akapatikana. Lakini kuna jambo wengi hawalijui. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliruhusu kwamba, baada ya duru nyingi bila mshindi, makardinali wanaweza kukubaliana kutumia zaidi ya nusu tu. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI akairudisha theluthi mbili kwa duru zote. Tofauti yake ni kubwa. Kama unajua kwamba nusu itatosha ukisubiri, huna haja ya kumsikiliza aliye upande wa pili. Unakaa tu siku zipite. Kama ni lazima theluthi mbili, itakubidi uinuke, umfuate mwenzako, umsikilize. Kanuni ya kuhesabu inawafundisha watu namna ya kuishi pamoja.

9. Sasa sisi tufanye nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaweka kupiga kura kati ya wajibu wa kimaadili wa raia. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 75, unatukumbusha kwamba kura ni haki na wajibu kwa pamoja, na inapigwa kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote. Ya *wote*, siyo ya walioshinda tu. Hapo ndipo kanuni ya kuhesabu inapokuwa jambo la dhamiri.

Nakuachia mambo matatu ya kufanyia kazi.

Kwanza, jifunze kanuni kabla hujalalamikia matokeo. Uliza katika nchi yako, chuoni kwako, hata kwenye kundi lako: mshindi anapatikanaje? Anahitaji nusu, au kuwa mbele tu? Aliyeshindwa anapata nini?

Pili, ukishindwa kwa kanuni mliyoikubali, kubali. Na kama kanuni yenyewe haina haki, usinyamaze: ihoji hadharani, kwa hoja, kwa njia halali, hata ikichukua miaka. New Zealand ilichukua miaka 15 tangu ule uchaguzi wa 1978 mpaka kura ya 1993.

Tatu, na hili ni gumu zaidi, ukishinda, chunguza kanuni iliyokupa ushindi. Mimi nilikuwa kati ya wale 24. Nilipiga makofi. Haikuniingia akilini kuuliza kwa nini watu 16 wanataka kubaki nyumbani, kwa sababu mimi nauli nilikuwa nayo. Mshindi ndiye mwenye nafasi ya kurekebisha kanuni, na ndiye mwenye sababu ndogo kabisa ya kufanya hivyo.

"Wengi wape" ni neno la busara la wazee wetu. Lakini kabla ya kuwapa wengi, tuhakikishe tumewahesabu. Na tukishawahesabu, tuangalie nani hakuulizwa.

Maswali ya kujadiliana kundini

1. Katika kundi lenu la vijana, viongozi wanachaguliwa kwa kanuni gani? Nani aliipanga, na lini mliijadili mara ya mwisho?
2. Mbunge wa jimbo unayemfahamu, au Bunge linalolingana na kura za vyama: ukilazimika kupunguza kimoja ili upate kingine, ungepunguza kipi? Kwa nini?
3. Je, kuna uamuzi uliowahi kushangilia kwa sababu ulikufaa wewe, ukaja kugundua umemwacha mtu nje? Ungeweza kufanya nini tofauti?

Yule rafiki yangu wa besi bado tunawasiliana. Mwaka uliofuata tulikwenda Pugu, kwa daladala, na alikuja.

Tumwombe Mungu atujalie viongozi wema, na sisi atujalie moyo wa kuuliza kabla ya kupiga makofi. Amina.